Kijumbe kazini: mwongozo kamili wa kujenga ujasiri na uongozi kwa mwanamke mfanyakazi

Mchezo wa kupeana fedha kwa zamu wenye watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 50,000 kwa wiki, unapitisha milioni moja mkononi mwa kijumbe, yaani mkusanyaji wake, kila Jumamosi. Kijumbe huyo, awe wa Ngamiani au Makorora hapa Tanga, anajua nani hulipa mapema, nani husukumwa, na nani mwanawe anaumwa kwa hiyo apishwe mbele kwenye zamu. Hapigi kelele, na fedha hazipotei. Jumatatu mama huyohuyo anaingia kwenye kikao cha idara, anakaa kiti cha karibu na mlango, na saa nzima inapita hajatamka neno.

Watu humwambia ajiamini. Kujiamini anako, tatizo liko kwingine. Kwenye mchezo ana vitu vitatu ambavyo kazini hana: daftari ni lake, zamu zinajulikana, na kanuni zilisemwa mbele ya wote siku ya kwanza. Hatua zilizo hapa chini ni za kuvijenga vitu hivyo mahali pa kazi, iwe bandarini, kiwandani Pongwe, wodini Bombo, shuleni au kwenye kaunta ya benki. Zitachukua kama wiki 12. Semina ya siku moja yenye chai, chapati na cheti haiwezi kufanya kazi hii, kwa sababu ujasiri hufuata nyuma ya kitendo kilichorudiwa mara nyingi.

Hatua ya 1: Daftari (wiki ya 1 na ya 2)

Nunua kaunta buku ya kawaida. Kila ukurasa chora safu nne: tarehe, nilichofanya, matokeo yake kwa namba, na aliyeona. Safu ya tatu ndiyo yenye uzito. "Nilisaidia stoo" haikusaidii kitu. "Nimepanga upya kadi za stoo, vifaa 37 vilivyohesabiwa kama vimepotea vimeonekana" ni sentensi inayoweza kusimama mbele ya meneja yeyote. Safu ya nne ipo kwa ajili ya siku utakapoambiwa kuwa kazi ile aliifanya mtu mwingine.

Jaza kwa dakika kumi kila Alhamisi alasiri. Ijumaa haifai: mchana watu wameelekea msikitini, jioni akili iko nyumbani. Kosa linalowapata wengi ni kungoja tathmini ya mwaka ndipo wakumbuke. Mtumishi wa umma anayejaza utendaji wake kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji, bila daftari huishia kuandika maneno ya jumla, na maneno ya jumla hupata alama za jumla. Kama unafanya kazi hospitali, usiandike jina la mgonjwa humo hata siku moja. Umbea nao usiuingize, maana daftari hili siku moja linaweza kuhitajika mezani.

Kwa wiki hizi mbili ongeza kitu kimoja. Kila mara ulipokuwa na la kusema ukanyamaza, weka alama pembeni na andika sababu kwa maneno matatu au manne. Mwishoni zihesabu. Kwa kawaida zitaangukia mafungu manne: hukuwa na uhakika wa takwimu, uliogopa Kiingereza, ulikatizwa, au aliyekuwa anazungumza ni mkubwa kwako kwa umri. Kila moja ina dawa yake. Anayetibu zote nne kwa jina moja la "woga" hujilaumu bure na haponi hata moja.

Dawa ya takwimu ni daftari lenyewe. Ya Kiingereza ni fupi: "Hoja hii nitaieleza kwa Kiswahili ili tuelewane sote, maandishi yake ya Kiingereza nitayagawa." Hakuna kikao cha Watanzania watupu kitakachokukatalia, na mara nyingi utasikia wengine wakishusha pumzi. Sababu mbili zilizobaki ndizo ngumu, na zinatupeleka kwenye zamu.

Hatua ya 2: Kuipata zamu ya kusema (wiki ya 3 hadi ya 6)

Kazi ya kikao huanza siku moja kabla. Mwombe katibu ajenda, kisha omba nafasi ndani yake: "Naomba dakika tano kuhusu ucheleweshaji wa hati za mizigo." Jambo likiwa kwenye ajenda, mwenyekiti mwenyewe atakuita. Hutalazimika kunyoosha mkono huku ukitazamwa.

Kisha onana na watu wawili: mmoja ambaye jambo hilo linamgusa, na mmoja unayedhani atalipinga. Huyu wa pili muulize, "Ukilitazama hili, kwako litakwama wapi?" Sikiliza, rekebisha, na kikaoni mtaje: "Mzee amenikumbusha suala la usafiri, nimelizingatia." Mtu mzima akishtukizwa mbele za watu atatetea heshima yake kwanza, hoja baadaye.

Hapa pana jambo ambalo wanaume wengi hawalioni kwa sababu wanaishi ndani yake. Mambo mengi ya ofisi hupikwa nusu kwenye kahawa, jioni barazani, penye bao na habari za mpira. Mwanamke hayupo pale, na akienda ataanzisha maneno mengine. Asubuhi yake anasikia tu kwamba "tulishakubaliana". Usipambane na baraza la kahawa, tengeneza lako: saa mbili asubuhi, kabla simu hazijaanza, pita kwenye meza za watu wawili au watatu, salamu kamili, kisha neno moja la kazi. Ukifanya hivyo mara mbili kwa wiki, baada ya mwezi na wewe utakuwa miongoni mwa wanaosema "tulishakubaliana".

Ndani ya kikao, sema kitu ndani ya dakika kumi za kwanza, hata kama ni swali: "Namba hiyo ni ya mwezi huu au uliopita?" Sauti iliyokaa kimya dakika arobaini hutoka ikitetemeka, na msikilizaji hudhani hoja ndiyo inayotetemeka.

Hoja yako ya dakika tano ipange kwa sentensi tano: namba, chanzo, pendekezo, gharama, nani na lini. Tuseme uko kituo cha kupokelea maziwa: "Wiki hii lita 600 zimekataliwa mapokezi. Nyingi zimetoka njia moja, na gari la njia hiyo hufika saa tano, jua limeshakuwa kali. Napendekeza njia hiyo ianze saa kumi na moja alfajiri. Gharama ni posho ya dereva ya saa moja zaidi kwa siku. Mratibu wa usafiri akiridhia, tuanze Jumatatu, nami nitaleta hesabu baada ya wiki mbili." Basi, nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kuongeza maelezo baada ya hoja kwisha, mpaka wanajipinga wenyewe.

Jizoeze kwa simu. Jirekodi sekunde 90, sikiliza, hesabu mara ngapi umesema "samahani", "sijui kama nitakuwa sahihi", "yaani" na "labda". Rekodi tena. Ukitoka kumi ukafika tatu, inatosha. "Labda" ibakie pale penye shaka ya kweli, maana mtu asiye na shaka kabisa naye haaminiki. Sikiliza pia mwisho wa sentensi: sauti ikipanda, kauli inageuka swali. Kiwandani penye mashine, kupaza kunachosha koo haraka. Sogea karibu, shusha sauti, sema polepole.

Ukikatizwa, usinyamaze na usipandishe sauti. Inua kiganja kidogo, endelea kwa sauti ileile: "Mzee, niruhusu nimalize, imebaki sentensi moja." Na kweli iwe moja, vinginevyo mara ya pili hutaruhusiwa. Ukiona hoja yako imerudi mezani kwa mdomo wa mwingine, sema, "Namshukuru kaka kwa kuiunga mkono hoja niliyoileta mwanzo, naongeza kwamba..." Maneno haya yanampa heshima ya kuunga mkono na yanakurudishia kilicho chako, bila mtu kuaibika. Mwanamke mwenzako akinyang'anywa, mfanyie vivyo hivyo. Wawili wakifanya hivi kwa mwezi mmoja, tabia ya kikao hubadilika.

Neno kuhusu mafumbo. Pwani tumelelewa kusema kwa kanga: anayehusika atasoma, asiyehusika ataona maua. "Mafumbo mfumbie mjinga, mwerevu huyang'amua." Nyumbani ni ufundi. Kikaoni ni hasara, kwa sababu "wapo humu wanaojijua" haiandikiki kwenye kumbukumbu wala haina wa kuitekeleza. Taja kitendo, acha mtu: "Fomu za wiki iliyopita zimekuja siku tatu baada ya muda." Mwenye fomu anajijua, na sasa kikao kinaweza kuamua.

Kisha liko suala la nani anaandika kumbukumbu na nani anamimina chai. Chai ni rahisi: pendekeza zamu ya wote kwa majina, ibandikwe ukutani. Kumbukumbu ni tofauti kidogo. Wengi huona kupewa kalamu ni kushushwa, nami naona wanakosea nusu. Aliyeandika ndiye anayejua kilichoamuliwa, na baada ya miezi mitatu neno lake ndilo linalosomwa. Iandike mara mbili, vizuri, ukiweka kwa kila azimio jina la mtekelezaji na tarehe. Mara ya tatu sema, "Kikao kijacho zamu ya nani? Tumwandike kabisa." Ukiikumbatia moja kwa moja utageuka karani wa kudumu, na mwenye kalamu huwa hana nafasi ya kujenga hoja.

Hatua ya 3: Ongoza kazi moja ndogo mpaka iishe (wiki ya 7 hadi ya 9)

Chagua kazi yenye sifa tatu: inaisha ndani ya wiki tatu, inahitaji watu wasiopungua watatu, na matokeo yake yanahesabika. Kuhesabu mali za stoo, kupanga zamu za msimu wa Idd, kusafisha orodha ya wadaiwa, kukagua vifaa vya usalama. Ikimbie kamati ya sherehe na rambirambi. Utaiendesha vizuri, kila mtu atasifu pilau, na hakuna atakayekupandisha cheo kwa pilau.

Unapogawa kazi taja mambo manne: nini, kwa kiwango gani, lini, na taarifa aje nayo kwa nani. "Jamani naomba mnisaidie hizi fomu" si mgawo. Mgawo ni: "Fomu hizi 120, zile zisizo na sahihi uzitenge, nizipate mezani kesho saa nne." Mwambie arudie kwa maneno yake. Inachukua nusu dakika na inaokoa siku nzima. Halafu liko kosa kubwa la wasimamizi wapya, hasa wanawake waliozoea kubeba nyumba: kazi ikija mbovu, wanairekebisha wenyewe usiku. Baada ya mwezi timu imejifunza kwamba kazi mbovu inapokelewa. Irudishe kwa mwenyewe, onyesha penye kasoro, mpe muda mpya.

Kumwongoza aliyekuzidi umri ndilo swali linaloulizwa zaidi, nalo jibu lake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Shikamoo inatangulia, na inatolewa kwa ukamilifu. Haipunguzi cheo. Msimamizi wa miaka 29 anayejifanya haoni mvi za fundi wa miaka 55 atapata utii wa mdomo na mgomo wa mikono. Baada ya marahaba, agizo linatolewa wazi, bila kujikunyata: "Shikamoo mzee. Mashine namba mbili leo izimwe saa sita kwa matengenezo, wewe ndiye utakayeisimamia." Muulize pia njia yake ya kufanya kazi, maana anaijua mashine kuliko wewe. Muda na kiwango unavipanga wewe.

Kuhusu kuitwa. "Bi" likifuatiwa na jina lako ni heshima ya hapa, lipokee. "Dada" na "mama" hutegemea mdomo unaolitoa. "Mwanangu" kutoka kwa mzee huwa la mapenzi, lakini kikaoni linakurudisha utotoni mbele ya wageni. Jibu kwa uso mkunjufu: "Nyumbani ni mwanao, mzee, hapa mezani niite Msimamizi wa Zamu." "Mrembo" halina uso mkunjufu. Likatae mara ya kwanza kabisa, kwa sentensi moja: "Naomba uniite kwa jina langu." Ukicheka mara tatu, mara ya nne utaambiwa umebadilika.

Kukemea kufanyike faragha, ndani ya siku moja tangu kosa, kwa dakika zisizozidi tano. Taja tukio, athari yake, msikilize, kubalianeni kitu kimoja na tarehe ya kukiangalia. Utani wa Kizigua na Kisambaa unalainisha mengi hapa mkoani, ila usiuingize kwenye onyo. Mtu atatoka akicheka, na kesho atarudia.

Hatua ya 4: Kanuni (soma hata kama hujafika hapo)

Kijumbe asiyejua kanuni za mchezo wake huyumbishwa na mwenye mdomo. Kazini kanuni kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na inamtaka mwajiri alipe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na ni siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe inayotarajiwa, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi, una haki ya kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale, na ya kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, kwa jumla ya saa zisizozidi mbili kwa siku.

Haki hizo hazizuii nafasi yako kuliwa kimyakimya ukiwa likizo. Kinga yake ni hati ya makabidhiano ya kurasa mbili: kazi zinazoendelea, nani anashika ipi, ipi inakusubiri wewe, na tarehe ya kurudi. Msimamizi asaini, nakala ibaki kwako. Wanaoondoka kwa maneno matupu ndio wanaorudi wakakuta meza ina mtu.

Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Likitokea, andika siku ileile tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyosemwa, na aliyekuwepo. Usifute ujumbe hata kama unakuchefua. Uhifadhi pia nje ya simu. TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Chama cha wafanyakazi nacho kiambiwe. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Muda huo huwapita wengi wakiwa bado wanashauriana na ndugu.

Hatua ya 5: Mlezi na mtetezi (wiki ya 10)

Mlezi hukufundisha kazi. Mtetezi hutaja jina lako kwenye chumba ambacho wewe humo. Mara nyingi ni watu wawili tofauti. Wanawake wengi wana walezi watatu na hawana mtetezi hata mmoja. Mwombe mtu dakika 20, nenda na maswali matatu yaliyoandikwa, na baada ya wiki mbili mrudishie habari ya ulichofanya kwa ushauri wake. Huko kurudi ndiko kunakomgeuza mlezi kuwa mtetezi. Kama ni mwanamume, mkutane ofisini, saa za kazi, mlango wazi. Chakula cha jioni Raskazone, hata kikiwa cha heri kabisa, mjini hapa kitafika nyumbani kabla yako.

Hatua ya 6: Omba (wiki ya 11 na ya 12)

Kuona wanawake juu hakukuondolei kazi ya kuomba. Anne Makinda alikuwa Spika mwaka 2010, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais Machi 19, 2021, na bado meneja wako hatajua unataka cheo mpaka umwambie.

Angalia kalenda kwanza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na ikama (idadi ya nafasi za watumishi) na bajeti hupangwa miezi kadhaa kabla. Ombi linaloletwa Juni limekuta meza imeshafutwa. Kwenye kampuni binafsi, muulize mhasibu bajeti hufungwa lini, ukatangulie kwa miezi miwili.

Toa kutoka kwenye daftari mambo matatu tu, yenye namba kubwa zaidi. Yaandike ukurasa mmoja. Omba miadi ya dakika 15, na usiseme ni ya nini kwa kunong'ona: "Nataka tuzungumze kuhusu nafasi yangu." Ukifika, anza na mambo matatu, kisha tamka ombi kwa jina lake: cheo hiki, au mshahara wa kiasi hiki. Usitaje ada za watoto wala kodi ya nyumba. Ni za kweli, lakini zinaligeuza dai lako kuwa ombi la msaada, na msaada hutolewa kwa huruma, mara moja. Ukishataja kiasi, nyamaza uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kimya hicho ni kizito, na wengi hukijaza wenyewe kwa kusema "au hata pungufu kidogo".

Akikubali, omba maandishi ndani ya wiki moja. Akisema "tutaangalia", uliza kitu gani hasa kinapungua na mtakutana tena tarehe ngapi. Ikiwa hana jibu la kwanza, umejua kwamba tatizo si kazi yako, na ni wakati wa kuulizia nafasi kwingine ukiwa na ukurasa wako ule mmoja mkononi. Ikiwa analo, liandike mbele yake, na tarehe aliyoitaja ikae kwenye safu ya kwanza ya ukurasa mpya.